Kadi Moja ya Kijani

Pale kituo cha redio walimwita Mama Kadi, na jina halikumkaa vibaya. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kiti kilekile, mbele ya simu, akiandika wanayosema wasikilizaji. Anayesifu, kadi ya kijani. Anayelaumu, kadi nyekundu. Kisha anazipitisha kwenye kidirisha, mtangazaji anazisoma hewani, ya kijani kwanza, nyekundu ikifuata, mpaka kipindi kiishe.

Kazi ndogo, watasema wasioijua. Lakini Mama Kadi alikuwa na sheria moja: neno la mtu haliguswi. Mtu akisema "eee" mara nne, anaandika mara nne. Kuna msikilizaji aliwahi kupiga simu kumtukana meneja wa kituo, tusi la kutoka tumboni. Mama Kadi akaliandika lote, akaikunja kadi, akampelekea meneja mwenyewe mezani. Meneja akasoma, akacheka bila kuonyesha meno, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia Mama Kadi apunguze makali.

Basi ikaja Jumamosi ya Radi Kavu.

Radi Kavu ilikuwa bendi ya roki, vijana wanne, na mwaka mzima ilitangazwa kama mvua baada ya kiangazi. Picha zao zilibandikwa kwenye kila nguzo. Kituo chenyewe kiliwapigia debe mpaka debe likatoboka. Watu wakangoja. Albamu ya kwanza ikatoka Jumatatu, na Jumamosi saa nne asubuhi wasikilizaji wakaalikwa waseme walivyoisikia.

Na mpiga ngoma wa Radi Kavu alikuwa binti yake Mama Kadi, mtoto wa pekee, aliyeacha kazi ya maabara hospitalini ili akapige ngoma.

Asubuhi ile walikunywa chai pamoja. Binti hakula. Alikuwa akigonga meza kwa vidole, mchezo wake tangu utotoni: mapigo matatu ya haraka, kimya kidogo, kisha pigo moja zito.

"Kula, mwanangu. Tumbo tupu halina adabu."

"Mama, leo usinisifu. Nakuomba. Wewe ni mama yangu, hata nikipiga sufuria utasema nimepiga vizuri."

"Ulipiga sufuria miaka minne mizima, na sikusema vizuri. Nilisema nyamaza."

Binti akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Nataka mtu mmoja tu. Mtu baki, asiyenijua wala kunionea huruma. Akisikia nilichokiweka mle ndani, naendelea. Asipopatikana hata mmoja, Jumatatu narudi maabara kuwaangukia miguu."

Mama Kadi alikuwa na neno, na amekatazwa kulisema. Jumanne aliisikiliza albamu peke yake huku akipiga pasi. Nyimbo tatu za kwanza hazikumwingia. Mwimbaji alilia kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Ulipofika wimbo wa nne, pasi ikamsimama mkononi. Ngoma ile ilikuwa cherehani ya bibi. Marehemu mama yake alikuwa na cherehani ya miguu ambayo mkanda wake ulikatika, akauunganisha kwa waya. Kila ulipofika kwenye waya ulikuwa unateleza: inashona mara tatu, inanyamaza, bibi anakanyaga kwa nguvu, inashika tena. Mjukuu alilala chini yake juu ya vipande vya vitambaa, mchana baada ya mchana. Bibi alifariki, cherehani ikaozea stoo, na kumbe mtoto alikuwa ameibeba kwenye vidole miaka yote hii. Blauzi ikaungua. Mama Kadi hakujali blauzi.

Kazini mtangazaji, waliyemwita Kinanda kwa utamu wa sauti, alimngoja mlangoni.

"Mama yangu, leo pumzika. Simu atapokea mwingine. Ni mtoto wako yule."

"Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu nilikuwa kwenye kiti hiki. Mkono wangu haujui mtoto wa nani. Nipishe."

Simu zikaanza.

"Eee, mwaka mzima mnatuambia simba anakuja, simba anakuja. Ametoka paka, tena ana mafua." Nyekundu.

"Kizuri chajiuza, dada yangu. Hiki kimetembezwa mpaka kimechoka miguu." Nyekundu.

"Wimbo wa kwanza sawa. Wa pili ni uleule. Wa tatu ni uleule umevaa koti."

Akapiga mzee mmoja mwenye sauti ya upole. "Hawa vijana wana bidii sana." Mkono wa Mama Kadi ukakimbilia kadi ya kijani. "Lakini hata anayechimba kisima mahali pasipo maji ana bidii." Mkono ukarudi.

Saa tano na nusu zile nyekundu zilikuwa zimepanda kama matofali. Kinanda akaweka tangazo, akachungulia kidirishani.

"Za kijani ziko wapi?"

"Hazijaja."

"Hata moja? Mama Kadi, tutaonekana wapumbavu. Nisome nyekundu mpaka saa sita?"

Simu ikalia. Kijana, mchangamfu, nyuma yake wenzake wanacheka. "Huyo mpiga ngoma wenu mwambieni kwenye wimbo wa nne anapotea njia. Anapiga tatu, anasahau, halafu anashtuka, puu! Anasinzia au?"

Mama Kadi aliandika yote, mpaka ile "puu". Akaitazama. Kitu kile kimoja ambacho mtoto wake alikificha mle kwa mapenzi, dunia imekiona kuwa kosa. Na kadi itasomwa, na binti yuko nyumbani sikio liko redioni.

Simu haikulia tena kwa dakika moja hivi. Katika dakika hiyo Mama Kadi akavuta kadi ya kijani. Mahali pa jina akaandika, Mama mmoja, mshonaji. Hakujua lugha ya watu wa roki. Hakujua wanasifu nini, gitaa au kelele. Alikuwa na sifa moja tu moyoni, na ndiyo aliyoiandika.

Kinanda aliinyakua kama mwenye njaa. Akaisoma taratibu, kwa sauti yake yote.

"'Kwenye wimbo wa nne mpiga ngoma hapotei njia. Ile ni cherehani ya miguu ambayo mkanda wake umeungwa kwa waya. Inashona tatu, inateleza, mshonaji anakanyaga. Nilipoisikia niliacha pasi iunguze nguo.' Wasikilizaji, huyo ndiye mwenye masikio!"

Simu ikalia papo hapo. "Cherehani? Basi si wakashone!" Nyekundu.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alijipa moyo: ni neno la kweli, aliyelisikia amelisikia, jina tu ndilo la uongo. Lakini miaka ishirini na sita ilikuwa inatembea nyuma yake bila kumsemesha.

Binti alikuwa mezani. Redio imezimwa. Kikombe cha asubuhi kilikuwa palepale, chai imeganda utando.

"Mama, yule mshonaji amepiga simu kutoka wapi?"

"Mtaa wa... sikumbuki."

"Wewe? Wewe unakumbuka matusi ya mwaka niliozaliwa."

Mama Kadi akavua viatu polepole, kimoja, kingine.

"Nilifurahi," binti akasema. "Nilisimama, nikaruka hapa katikati ya chumba kama mtoto. Mtu mmoja! Halafu nikakumbuka waya. Cherehani zenye mkanda mbovu ziko nyingi. Ule waya tuliuona watu watatu. Bibi amekufa. Mimi sikupiga simu."

"Labda mteja wake wa zamani..."

"Mama."

Uongo wa pili ulikataa kutoka. Wa kwanza ulikuwa umemaliza nguvu zote.

"Lakini nilisikia kweli," akasema. "Blauzi ile pale, itazame ilivyoungua. Wallahi nilisikia."

"Najua ulisikia. Ungenidanganya kwa sifa ya uongo ningeamini, ningeendelea." Binti akajifuta uso kwa kiganja. "Mtu aliyenisikia ni mmoja, na ndiye yule niliyesema asihesabiwe. Nipe nguo zako za kazi, nikazifue pamoja na koti langu la maabara. Jumatatu si mbali."

Hakuinuka lakini. Alibaki amekaa, macho dirishani, na vidole vikaanza vyenyewe kugonga meza, mapigo matatu ya haraka. Mama Kadi akashika ukingo wa kiti, akangoja lile zito.

Halikuja.