Kumngojesha Wifi

Watu huenda Italia kwa mambo yao. Wako wanaokwenda kununua viatu, wako wanaokwenda kupiga picha mbele ya majengo yaliyobomoka. Mimi nilikwenda kumngojesha wifi yangu. Jambo hilo nilikuwa nimelitia nia kwa miaka kumi na moja, na nilipopanda ndege Maskati nilikuwa nimetulia kama mtu anayekwenda kazini.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, dada wa pekee. Alikaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos hapo Maskati, nyumba kubwa yenye bustani mbele, na katika ukoo wetu alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuendesha gari. Mimi nilikaa Sib, pembezoni mwa mji, nyumba ya serikali, na sikujua kuendesha. Kila nilipomwomba mume wangu anipeleke kujifunza alinijibu lile lile: "Ya nini kujitesa? Wifi yako si yupo? Atakupitia." Basi maisha yangu yakawa ni ya kupitiwa. Harusini, matangani, kwa daktari wa meno, kote nilikwenda kwa saa ya wifi, na saa ya wifi haikupatana na saa ya mtu mwingine. Nilivaa, nikajitia manukato, nikakaa barazani na mkoba mapajani mpaka manukato yakaniishia. Akifika alipiga honi mara mbili bila ya kushuka.

"Yallah, wifi, tumechelewa!"

Tumechelewa, alisema. Eti sisi sote wawili.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama yangu alilazwa hospitali. Ilikuwa Alhamisi, siku za baridi, na mume wangu alikuwa Salala kikazi. Wifi alinipigia simu: "Ukishasali alasiri kaa tayari, n'takupitia." Nilisali saa tisa, nikatia uji wa mchele katika chupa ya chai, maana mama chakula cha hospitali hakukitaka, nikakaa barazani. Baada ya muda nikapiga simu kwake. Mtumishi akanambia bibi keshatoka, anakuja huko. Keshatoka! Nitaondokaje basi, na mtu yuko njiani? Nikarudi kukaa. Kila gari iliyokata kona nilisimama.

Alifika magharibi inaadhiniwa. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na nguo yake ya kuendea harusi, inametameta ndani ya mfuko wa fundi, imelazwa vizuri isikunjike. Tulipofika hospitali mama alikuwa ameshafunikwa uso. Muuguzi alisema alikata roho kwenye saa kumi na moja, na kabla ya hapo alikuwa akiniulizia. Nilikuwa nimeikumbatia ile chupa, na uji ndani yake bado ulikuwa wa moto.

Matangani wifi alilia kunishinda mimi, watu wakampa pole yeye. Mimi waliniambia subira huvuta heri. Nikaitikia amin, na moyoni nikasema: iko siku na wewe utakaa ungoje, kuanzia alasiri mpaka magharibi, usijue niliko. Hicho ndicho kipimo nilichoapa. Zaidi sikutaka, pungufu sikutaka.

Mwaka wifi alipofiwa na mumewe, ndipo njia ilipofunguka. Binti yake alikuwa akisoma chuo kikuu huko kaskazini ya Italia, akamkodia mamake nyumba ndogo ya wiki moja katika mji wa pwani, apate kupumzika. Wifi hakutaka kusafiri peke yake. Mume wangu akanambia, "Mfuate dada yangu, asije akapotea." Nilikubali upesi mpaka akanitazama mara mbili.

Mji wenyewe ulikuwa umeng'ang'ania jabalini, nyumba juu ya nyumba, na bahari chini yake. Binti alitupokea stesheni. Wifi akaangaza huku na huku akauliza, "Gari iko wapi?"

"Mama, huku gari haina pa kupita. Mtakwenda kwa treni na kwa basi, na bahari ikiwa shwari iko boti."

Wifi alimtazama mwanawe kama aliyeambiwa aende kuchota maji kisimani. Kwetu sisi basi lilikuwa chombo cha vibarua. Mke wa mtu wa serikali kusimama kando ya barabara kuu, akapunga mkono asimamishiwe basi, ingezungumzwa mwezi mzima. Na hapa binti anampa mamake tiketi, anamwonyesha mashine ya njano ya kuigongea kabla ya kupanda. Wifi alikuwa akizitengeneza bangili zake, hakusikiliza. Mimi nilisikiliza kila neno. Binti alituachia karatasi mbili, ya saa za treni na ya saa za sala, akarudi kwenye mitihani yake. Zote mbili nilizihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi Kurani.

Sitasema uongo, safari zile nilizipenda. Treni iliingia katika pango lililotobolewa jabalini, giza, kisha ikatoka, bahari hii hapa dirishani, hujashiba kuitazama ikaingia pango jingine. Tulikwenda mji wa malimau, tukaenda mji wa kanisa lenye mistari, tukapanda basi dogo lililozunguka jabali mpaka wifi akafumba macho akasoma Ayatul Kursi. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa mara ya kwanza nilikwenda nitakako saa niitakayo. Wifi alinifuata nyuma ameshika mkono wa baibui langu. "Tushuke hapa, wifi?" "Bado." "Hapa je?" "Nshakwambia bado." Nikaona utamu!

Jumanne nikaonja kidogo. Niligonga tiketi yangu, yake nikainyamazia. Mkaguzi alipokuja akamkaripia mbele ya behewa zima kwa Kitaliano cha mikono miwili, na wifi, mwanamke aliyezoea kukaripia madereva wa watu, akabaki anasema sorri, sorri. Mimi nilitazama bahari. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu kweli.

Alhamisi ndiyo niliyoiweka. Tulikuwa tumekwenda mji wa tatu kutoka kwetu. Ilipoingia alasiri tulisali kwenye bustani iliyo mbele ya stesheni, kisha nikamkalisha kwenye benchi na mfuko wake wa mkate na matunda ya pichi.

"Kichwa kinaniuma," nikamwambia. "Nnakwenda kutafuta dawa. Usiondoke hapa, n'takupitia."

Neno lile lilinitoka kinywani kama lulu. Nilizunguka nyuma, nikapita njia ya chini ya reli, nikapanda treni ya kwenda mbele, nikashuka kituo kilichofuata. Nikakaa juu ya ukuta wa bahari.

Nilijua kwamba jua la huko wakati wa kiangazi halina haraka. Alasiri ni saa kumi na moja na nusu, magharibi ni saa tatu na ushei. Karibu saa nne nzima! Nilipoyaona hayo kwenye karatasi nilifurahi, nikaona Mungu kaniongezea. Ila jambo moja sikulipigia hesabu: anayemngojesha mwenzake naye lazima akae mahali. Nusu saa ya mwanzo niliila kama halua. Moyoni nilimwona wifi anainua shingo kila treni ikifika. Baada ya hapo nikaanza kulitazama jua. Lilikuwa pale pale. Watoto waliogelea, wakaitwa kula, wakaondoka. Mgongo ukaniuma. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa tupu, maana mkate wetu alikuwa nao yeye. Nikajitazama: nimevaa baibui langu zuri, mkoba mapajani, nasimama kila kitu kikipita. Nikajiona barazani kwangu Sib. Hasira zikanipanda upya, na bado sikuondoka, maana kipimo kilikuwa hakijatimia.

Nilirudi jua limezama. Benchi lilikuwa tupu. Pale ndipo nilipoona baridi. Niliangalia vyoo, niliangalia chini ya reli, nikamwuliza mwuza magazeti kwa mikono, akabetua mabega. Nilifikiria nitamwambia nini mume wangu. Nikapanda treni ya kurudi.

Wifi alikuwa jikoni. Amekaanga dagaa wa kule, wale wakubwa, amekamua limau, na wali uko tayari.

"Umepata dawa?" akaniuliza.

"Umekujaje?"

"Kwa treni. Nlihesabu mapango tulipokwenda, matatu. Nkahesabu matatu, nkashuka. Na tiketi nligonga!" Akacheka. "Kwani wifi, ningekaa pale mpaka lini? Chombo kinapita mbele ya macho yangu, mie nnangoja nini?"

Aliyasema bila ya kijembe chochote, huku ananipakulia. Sahani nikaisukuma. Nikamwambia yote. Kwamba nilimwacha makusudi, na kwa nini. Kwamba siku ya mama yangu nilimngoja kuanzia alasiri mpaka magharibi, na ile nguo ya fundi niliiona.

Alikaa kitako, upawa mkononi.

"Nlitoka nnakuja kwako," akasema. "Nkasema nipite kwa fundi kidogo. Wakaanza kunipima, wakaleta kahawa. Nlikusahau, wifi. Wallahi nlikusahau. Mpaka nilipoona jua linashuka."

Miaka kumi na moja nilidhani ananichukia. Chuki ningejua pa kuiweka. Kumbe sikuwa hata kitu cha kuchukiwa, nilikuwa mtu wa kusahauliwa kwa kikombe cha kahawa. Alilia, akaniomba radhi. Sikumpa.

Tuliporudi Maskati haikupita wiki akapiga simu, sauti yake ya chini: "Wifi, alasiri n'takupitia, twende madukani Ruwi."

"Usinipitie," nikamwambia.

Nilisali alasiri, nikafunga mlango, nikaitazama saa. Nilitembea mpaka barabara kuu. Hakunishangaa mtu. Basi dogo la rangi nyeupe na ya chungwa lilisimama hata mkono sijauinua sawasawa, abiria wakanipisha, nikakaa dirishani. Nilishuka kwenye lango la hospitali ile aliyofia mama, nikaitazama saa tena. Dakika thelathini na nane, pamoja na kutembea. Siku ile nilikaa barazani saa mbili na nusu, na mama anauliza niko wapi. Wifi bado sijamsamehe, ila toka hapo amekuwa wa pili; wa kwanza ni mimi. Nilivuka barabara, nikasimama na vibarua, nikangoja basi la kurudi Sib.