Mtoto Aliyeshuhudiwa Kupona

Kanisani kwetu mtu akiponywa hutoa ushuhuda, na ushuhuda ukishatolewa haurudishwi nyuma. Hilo nililijua tangu nilipoolewa hapa Kigali. Sikujua tu kwamba siku moja litatukaba koo mimi na mtoto wangu wa pekee, binti wa miaka minne.

Alianza asubuhi kwa kukataa uji. Akasema taa inamuumiza macho, na taa yenyewe ilikuwa imezimwa, ni jua la dirishani tu. Akatapika. Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda Masoro, kwenye bohari anakofanya kazi, kwa hiyo nilimfunga mgongoni nikaenda naye kituo cha afya nikiwa na kandambili. Wakampima malaria, haikuonekana. Nilipomwinamisha kichwa nimvue fulana, shingo ilikataa kukunjwa, ngumu kama ubao. Akapata degedege mikononi mwangu pale pale kwenye benchi, na mimi nilipiga ukelele ambao hata sasa wauguzi wa pale wakiniona wanaukumbuka.

Hospitalini walituambia ni homa ya uti wa mgongo, ile ya bakteria. Daktari alitaka kumtoa maji mgongoni kwa sindano ili ajue mdudu gani yuko humo. Mama mkwe alikuwa ameshafika, akanivuta kando akaniambia watoto wanaochomwa pale hupooza, tungoje kwanza mume wangu atoke kazini. Kungoja nini? Mimi nimekulia Karagwe, Tanzania, na huku ukweni wananiita Mtanzania kwa sababu ya mdomo wangu. Siku ile nilishukuru kuwa nao. Nikamwambia daktari amchome, mtoto ni wangu na lawama ni zangu. Dawa ilianza kuingia kwenye mshipa kabla baba yake hajafika.

Nilimuuliza yule daktari kama atapona. Alikuwa mtu asiyependa kupamba maneno. Alisema inategemea: dawa imeanza mapema kiasi gani, degedege litarudi au la, sindano zitamalizwa zote hata mtoto akishaanza kucheka, na mwili wenyewe ulikuwa na akiba gani. Akasema ugonjwa huu kila saa inayopita bila dawa unachukua kitu, na hatujui umeshachukua nini. Nililia kwa sauti, mama mkwe akanikanyaga mguu ninyamaze.

Alipona. Homa ilishuka, shingo ikalegea, akaomba ndizi. Tulikaa mpaka sindano ya mwisho ingawa mume wangu alitaka tutoke mapema. Siku ya kuruhusiwa daktari alituambia sote watatu, mimi, mume wangu na mama yake: macho mazuri, mikono ina nguvu, masikio hajui. Akatupa siku ya kumrudisha apimwe masikio, akasisitiza tusisubiri kuona dalili. Tuliitikia wote.

Jumapili iliyofuata, kabla ya siku hiyo ya kipimo, tulimpeleka kanisani kushukuru. Mume wangu akapewa maikrofoni. Ni mtu mpole, amezaliwa Uganda, haya imemjaa. Lakini siku ile alisema kwa nguvu kwamba Mungu amemponya mtoto huyu mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni, hakubakiza kitu. Kanisa likalipuka. Kwaya ikaimba, ngoma zikapigwa, watu wakalia machozi ya furaha. Mwanangu alisimama karibu na ngoma kubwa bila hata kushtuka. Kisha akaweka kiganja juu ya ngozi yake, akacheka, akabaki hapo hapo ameigusa. Watu walidhani anacheza. Mimi niliacha kupiga makofi.

Wiki ile wageni walijaa nyumbani kwetu Kicukiro, kama desturi mgonjwa akirudi. Walikunywa soda na maziwa wakamsifia mtoto. Zamani alikuwa mkorofi, anarukia watu, anauliza maswali mpaka mgeni anaaga. Sasa anakaa kwenye mkeka na kikombe chake. “Aritonda,” walisema kwa Kinyarwanda, ametulia, ana adabu. Mtu wa huku hukuti akipewa sifa kubwa kuliko hiyo. Mama mkwe alizipokea hizo sifa kana kwamba ni yeye aliyemfunza mtoto utulivu kwa fimbo ya maombi.

Jikoni niliangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake. Hakupepesa jicho. Nilimwita kwa jina, nikamwita kwa lile jina la utani ambalo huwa linamfanya akimbie, hakuna kitu. Nikizunguka mbele yake ananijibu, anaangalia mdomo wangu kama mtu anayetafuta mwiba. Na kutembea kulibadilika. Njia ya kushuka kwetu ina mteremko, alikuwa akiishuka mbio. Sasa anashika ukuta wa jirani, anayumba, anakaa chini. Mama mkwe akasema ni uchovu wa kitanda.

Nilimwambia mume wangu tunakwenda kupima. Akatazama chini. “Mutoto iko sawa,” alisema. “Iko muchovu tu. Wewe unapenda kutafuta mambo.”

Sio kwamba hakuwa akiona. Aliona. Lakini alikuwa amesema mbele ya kanisa zima kwamba hakuna kilichobaki, na siku ya kipimo iliangukia kwenye wiki ya maombi ya shukrani ambayo mama yake aliitisha nyumbani. Akina mama wa kanisa wamekaa sebuleni wanashukuru uponyaji, mimi nitoke na mtoto huyo huyo nimpeleke hospitali? Mama mkwe aliniketisha, akanishika mkono, na sitasema alikuwa mbaya, kwa sababu alimlea mwanangu kwa upendo kuliko hata mama yangu alivyonilea mimi.

“Mwanangu,” akasema, “Mungu ameufunga mlango. Ukienda kuuchungulia, unaufungua mwenyewe. Halafu utamlilia nani?”

“Mama, mimi sitafuti ugonjwa. Natafuta masikio ya mtoto.”

“Ni ukosefu wa imani.”

Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Si maneno ya kumwambia mama mkwe, najua, na alikaa siku kadhaa hanisalimii. Siku ya kipimo ikapita. Wiki ya shukrani ikaongezwa nyingine. Kadi ya bima ilikuwa kwenye pochi ya mume wangu, na kila nikiomba ananiambia tumalize kwanza maombi. Mimi nilikuwa nakufa nimesimama. Nilikuwa nauza vitenge sokoni huku mita ya kupimia kitambaa nimeishika kichwa chini, wateja wananiuliza bei mara mbili mbili. Nilikuwa nikimsemesha mtoto mchana kutwa, uso kwa uso, maneno yote niyajuayo, kwa sababu niliona maneno yake yanaanza kulika kingoni. “Sukari” ikawa “sukai”. Sauti yake ikawa kubwa, ya kupayuka, na mama mkwe akamwekea kidole mdomoni: polepole, binti.

Asubuhi moja mume wangu akiwa bafuni nilichomoa kadi kwenye pochi iliyokuwa ndani ya suruali yake. Nikamweka mtoto katikati yangu na dereva wa moto, ndizo bodaboda za huku, nikamshika kiuno, tukapanda mjini mpaka hospitali ile ile aliyolazwa, upande wa Kiyovu. Nilimtumia mume wangu ujumbe tulipokwisha kufika, ili asiweze kunizuia.

Binti anayepima masikio alimvalisha vile vya kusikilizia, akampa vitofali vya rangi na kopo. Ukisikia mlio, tumbukiza kimoja. Akamwonyesha kwa vitendo. Mwanangu alijitahidi, maskini, alitaka sana kufaulu. Kila mpimaji alipogusa mashine yake, yeye alitumbukiza kitofali akatabasamu. Nikaanza kupumua. Yule binti akageuza kiti, akampa mgongo, akaificha mikono. Kitofali kikabaki kwenye kidole cha mwanangu. Kikakaa. Alimtazama mpimaji mgongoni, akanitazama mimi, akatazama kopo. Mpimaji aliongeza sauti mpaka mimi niliyekaa ukutani nikaisikia ikivuja, na mtoto bado anasubiri.

Baadaye walimwita daktari wa masikio. Alinieleza kwa utaratibu. Ugonjwa ulishuka kutoka kwenye ubongo ukaingia sikio la ndani. Kulia hakuna kitu kabisa. Kushoto kumebaki kidogo, na hako kadogo kanaweza kushuka zaidi. Kule kuyumba pia kunatoka humo humo. Baada ya homa hii, alisema, ndani ya sikio huweza kuanza kuota mfupa. Ukishafunga, hata ile mashine ya kusikilizia inayopandikizwa ndani ya sikio ni vigumu kuipitisha. Ndiyo maana huwa wanataka watoto hawa mapema. Inabidi apigwe picha haraka waone mfupa umefika wapi. Hakuniuliza kwa nini tulichelewa. Afadhali angeniuliza, ningepata mtu wa kumfokea.

Mume wangu alitukuta kwenye korido, bado na ovaroli ya bohari, jasho linamtiririka. Nilimweleza vyote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea ukuta. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, “Sasa tutaambia kanisa nini?”

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye kwa dakika hiyo. Nilimwambia awaambie anachotaka. Awaambie Mungu alimponya tukamwacha aharibike sebuleni. Nilisema mengine ambayo mke hamwambii mume, kwa sauti ya Kitanzania, korido nzima. Alikuwa analia, hajifuti. Mimi nilikuwa nalia pia.

Nikahisi sketi inavutwa. Mwanangu alikuwa ametutazama midomo, mmoja mmoja, kwa muda mrefu. Akasema kwa ile sauti yake mpya ya kupayuka, “Mama, nisamehe.”

Nikachuchumaa. Nikamuuliza amekosa nini.

“Sijui,” akasema. “Nisamehe tu. Muanze kunisemesha tena.”

Nilimkumbatia nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto, nikamwambia hajakosa kitu, hajakosa kitu chochote. Akajitoa mikononi mwangu ili anione mdomo. Nikarudia, lakini kilio kilikuwa kimeshaupinda mdomo wangu, hakuweza kuusoma. Akangoja. Alipoona hakuna jibu linalokuja, akamgeukia baba yake, akamwomba msamaha na yeye.