Mellen na Gari Lisilo na Kijiti

Ukimtafuta Mellen Kerosi mjini Migori, usiulize gereji yake iko wapi. Uliza yule mama anayepima gari kwa mkono. Utaelekezwa nyuma ya soko, kwenye uwanja wenye shimo la saruji ambalo gari husimama juu yake, na humo shimoni utaona kitambaa cha kichwa cha bluu kikisogea huku na huku.

Kazi hii hakuisomea. Shule aliiacha darasa la sita. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi, na Mellen alikuwa akimletea chakula cha mchana. Akishafika haondoki. Aliogopa jeki. Kila gari lililoinuliwa alisimama kando yake akilikodolea macho mpaka lishushwe, na katika kuchunga mume asiangukiwe, akajikuta anajua kila nati inakaa wapi. Mgongo wa mume ulipokataa kuinama, mwenyewe alirudi nyumbani kusimamia wavunaji wa tumbaku, spana zikabaki kwa mkewe.

Halafu yakaja magari yanayojibadilishia gia yenyewe, na mengine hayana kijiti cha kupimia oili ya gia. Mafundi wengi waliinua boneti, wakatafuta kijiti, wakakikosa, wakafunika wakisema hili halihitaji kupimwa. Mellen hakuwaamini. Yeye ni mtu ambaye hata mtoto wake akilala usingizi mzuri humwekea kidole puani kuhakikisha anapumua. Akauliza, akachungulia, akajifunza kwamba kipimo chenyewe kiko chini ya giaboksi: nati moja ndogo inayoziba kijibomba kilichosimama ndani. Ukiifungua oili ikiwa vuguvugu, inayozidi hutoka na inayotosha hubaki; oili itakuambia yenyewe imefika wapi.

Ijumaa moja jioni Robi, bintiye, aliingiza gari lake jeupe juu ya shimo, akazima injini, asishuke.

"Robi, nini?"

"Mama, usianze."

"Sijasema kitu."

"Giaboksi imekufa."

Mellen alishika mlango wa gari. Jumatatu Robi alikuwa anaanza kufundisha shule moja ng'ambo ya Ndhiwa. Bila gari angepanda pikipiki kila alfajiri, na Mellen alikuwa ameshaihesabu barabara ile kona kwa kona, lori kwa lori. Gari hili lilinunuliwa kwa sababu ya hofu hiyo hasa.

"Nani amesema imekufa?"

"Fundi wa Isebania. Alinibadilishia oili juzi. Jana nikipanda kilima, injini inalia lakini gari haiendi. Nikarudi kwake, akasema niiuze kama chuma."

"Isebania! Na mama yako yuko hapa."

"Ndiyo maana nilienda Isebania. Wewe ungeniuliza maswali mpaka jua lizame."

"Sasa limezama, wacha niulize. Alipofungua nati ya chini, gari ilikuwa baridi?"

"Baridi wapi? Nilikuwa nimetoka nayo hapa saa saba mchana. Ilikuwa moto kama jiko. Oili ikamwagika nyingi, akasema ilijazwa kupita kiasi, akaiacha itoke mpaka ikakatika."

Mellen alianza kupiga hesabu kichwani. Oili ya moto huvimba kama maziwa kwenye sufuria. Ukiipima ikiwa imevimba, utamwaga ile uliyoihitaji. Labda ni hivyo tu. Au labda giaboksi ilishaungua kwa kukosa oili, na yule fundi amesema kweli. Usiku ule alisikia kila jogoo.

Asubuhi alipitia duka la vipuri la Yakub kununua oili aina ile ile inayotakiwa na gari lile.

"Na ile mashine yako ya kusoma joto?"

"Iko Homa Bay kwa mteja, Mama Robi," Yakub alisema. "Lakini wewe mashine ya nini? Mkono wako ukijulikana mpaka Homa Bay, hakuna atakayekodi mashine yangu."

"Usinicheke. Leo ni gari ya mtoto."

"Basi leo mkono utakuwa mkali zaidi."

Gerejini, Mellen alichukua mpira mwangavu ambao waashi hupimia usawa, akautia maji, akaushikilia ubavuni mwa gari, ncha moja mbele na nyingine nyuma. Saruji ya shimo lake huzama kidogo kila masika, na gari likiinama kipimo kinadanganya. Akaweka kipande cha ubao chini ya gurudumu moja. Maji yakalingana.

"Washa. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole. Kila moja hesabu mpaka tano."

"Mama, mimi ni mwalimu, najua kuhesabu."

"Basi hesabu."

Injini ikiendelea kunguruma, Mellen alishuka shimoni, akajihadhari na bomba la moshi, akagusisha upande wa ndani wa kiwiko chini ya giaboksi. Bado baridi. Akangoja. Akagusa tena. Hivi ndivyo alivyopima maji ya kuwaogeshea watoto wake wanne: yasikuchome, wala yasikufanye utamani kuni zaidi. Mara ya nne joto lilikuwa lile lile la beseni la Robi. Akafungua nati.

Hakikutoka kitu. Hata tone.

"Mama?" Robi aliita kutoka juu. "Imetoka?"

"Haijatoka."

"Basi imekufa."

Mellen alikuwa amepaka kidole oili iliyobaki kwenye nati. Nyekundu, safi. Akainusa. Haikunuka kuungua. Akaegemea ukuta wa shimo.

"Haijakufa, mwanangu. Ina njaa."

Alipampu oili kupitia tundu la juu ubavuni mwa giaboksi. Ilimeza lita nzima, ikameza nusu nyingine, ndipo uzi mwembamba ukaanza kushuka kwenye tundu la chini. Akaupokea kwa bakuli jeupe. Uzi ukakatika ukawa tone, tone, tone. Hapo akarudisha nati kwa mkono, kisha kwa spana, kisha akaikagua mara mbili.

Walilipeleka kilimani, barabara ile ile ya Ndhiwa, Robi akiendesha. Gari likapanda bila kulia, gia zikipokezana kimya. Mellen alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mbona umenyamaza?" Robi aliuliza. "Unanitisha."

"Nasikiliza."

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu," Mellen alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akaegemea kiti. "Jumatatu unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Toka kumi na moja unusu. Uende polepole."

Robi alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Sawa, Mama. Na siku ya kubadilisha oili, gari nitaleta kwako."

"Ilete, tuiache ipoe kwanza," Mellen alisema, akaupitisha mkono wake wenye oili dirishani, upepo ukaupoza.