Skrini Iliyosimama Kichwa Chini

Bi Mwatima alipiga taipu miaka mingi katika ofisi ya shirika moja la umma pale Tanga, mpaka shirika lenyewe likauzwa na wafanyakazi wakaambiwa wachukue kiinua mgongo chao waende zao. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Pemba, na ofisini alijulikana kwa jambo moja: alichokisikia kwa masikio, vidole vilikuwa vimeshakipiga kabla akili haijauliza ni nini. Meneja wake alikuwa na tabia ya kumsomea barua za kupiga huku akiagiza chai, na iko siku barua ilifika wizarani ikiomba vipuri vya matrekta, maziwa, na sukari isizidi.

Alipopunguzwa kazi alikodi kibanda Makorora, akaweka meza na taipureta yake kuukuu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu kafungua kitu. Aliyekuwa mhasibu anauza mitumba, aliyekuwa afisa ugavi ana mashine ya kusaga. Kazi za kupiga taipu hazikukosekana, ila ghafla watu walianza kutaka maandishi ya kompyuta. Mtu anaandika barua ya kumwomba radhi mkwewe, naye anataka ya kompyuta, eti ya taipureta mkwe hataiamini.

Mpwa wake Abdulwakil, aliyekuwa akihangaika Dubai, akamhurumia. Akamletea kwa meli kompyuta iliyotumika: kasha lake, kibodi na printa. Skrini hakuleta. Alisema ni nzito, na mzigo ulikuwa umeshajaa mazulia ya watu. Basi Bi Mwatima akawa na kompyuta ya kusikika tu. Akiiwasha inavuma, taa zinapepesa, yeye ameketi mbele yake anaukodolea macho ukuta.

Skrini mpya zilizokuwako mjini zilikuwa za kununuliwa na mabenki. Akaulizia, akaulizia, mpaka muuza machungwa mmoja akamwambia kwamba huko Muheza yuko mfanyabiashara mwenzake, jina lake Castory, ana kitu cha namna hiyo sebuleni kwake.

Akamfuata. Castory alimkaribisha vizuri, akamkalisha kwenye kochi, na hapo mbele yake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, ilikuwa skrini ya kompyuta. Nje ya dirisha ulisimama mti mrefu wa mwanzi wenye antena. Waya wa antena uliingia ndani, ukazunguka nyuma ya skrini, ukaishia hewani, maana haukuwa na pa kuchomekwa.

"Hii niliipata mnadani," alisema Castory, "walipokuwa wanauza vitu vya ofisi ya shamba moja la mkonge. Nilijua ni televisheni."

"Ikawaje?"

"Inawaka taa ya kijani. Basi." Alishusha sauti, kwa kuwa mkewe Beatrisi alikuwa jikoni. "Majirani walikuja na viti vyao, wakakaa hapa jioni nzima. Nikawaambia mitambo ya kurushia haijafika Muheza. Sasa kila nikipita sokoni naulizwa mitambo imefika wapi."

Bi Mwatima alitaka kucheka, akajizuia kwa kukohoa. Wakaanza kuelewana bei. Hapo Castory alisema wazi kwamba fedha haitaki sana, anachotaka ni kitu cha umeme ambacho akikiwasha, mgeni ataona kimefanya kazi. Bi Mwatima akamwambia nyumbani anayo feni ya mezani, inazunguka na kugeuza shingo huku na huku. Macho ya Castory yaling'aa. Wakakubaliana feni na fedha kidogo juu yake, feni ije kesho na gari la machungwa.

"Lakini nina ombi moja, mama," alisema Castory. "Ukitoka nayo, sema kwa sauti unaipeleka kutengenezwa."

Hivyo Bi Mwatima akatoka na skrini kifuani kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Alipofika barazani, majirani wakitazama, akasema kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, "Usijali, Bwana Castory, mafundi wataiona, nayo itapona." Mzee mmoja upande wa pili wa njia akaitikia, "Inshallah."

Alipoifikisha Makorora akaiunganisha na kompyuta, akawasha. Kioo kilipopata moto kilitokea kitu kweli: mstari mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, umekatiza katikati kutoka upande huu hadi ule. Akapiga herufi. Mstari ukatetemeka. Akapiga jina lake zima, mstari ukatetemeka zaidi. Alijua jina lake limo mle ndani, limebanwa tu, halina nafasi ya kusimama.

Ndipo akamwita Timotheo, fundi redio wa Nguvumali, kijana wa Kibondei, mpole, mwenye bei ya huruma, ambaye hajawahi kukikataa chombo chochote. Alishatengeneza redio, pasi, kipaza sauti cha kwaya, na inasemekana hata saa ya ukutani iliyokwenda kinyume. Kompyuta hakuwahi kuigusa, lakini hakuona sababu ya kulitaja hilo.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako huyo."

Timotheo akafungua mgongo wa skrini. Mle ndani mijusi walikuwa wamejenga maisha: mayai yao madogo meupe yalikuwa yamepangwa penye joto, na mbegu za machungwa zimetapakaa kote. Akapangusa, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari. Mwishowe akaonyesha shingo ya kile kioo kikubwa, palipozungushiwa koili za waya wa shaba. Waya zilikuwa zimeachia. Akapasha moto chuma chake cha kulehemu, akazirudishia waya mahali alipoona zinapendeza.

Wakawasha. Mstari ukapanuka ukajaza kioo kizima, na maandishi yakatokea, meupe safi. Yote yalikuwa yamesimama kwa vichwa, miguu juu.

Timotheo akainamisha kichwa mpaka begani, akazitazama.

"Picha imepatikana," alisema Timotheo.

"Imepatikana, lakini imepinduka."

"Hiyo nayo ni hatua."

Timotheo akaona njia rahisi ni kuipindua skrini yenyewe. Akaikalisha kichwa chini juu ya vitabu, kitako kikaangalia dari. Kweli herufi zikasimama kwa miguu yao, ila sasa zilitazama upande mwingine, na kila mstari ukaanzia kulia kwenda kushoto.

"Labda ni kwa sababu kompyuta imetoka Uarabuni," alisema Timotheo kwa uzito wote. "Na nyie si mmezoea kusoma hivyo?"

"Tumezoea Kiarabu, mwanangu," alijibu Bi Mwatima. "Hiki ni Kiswahili kinachorudi nyumbani kinyumenyume."

Mara umeme ukakatika, mgao wa siku hiyo. Timotheo akaikalisha skrini kama ilivyokuwa mwanzo, akakusanya vyombo vyake, akaaga akisema anakwenda kulifikiria jambo hilo akiwa ametulia. Akaenda kulifikiria.

Umeme uliporudi, jirani wa Bi Mwatima, Amour, kinyozi wa kibanda cha pili, alichungulia aone wamefikia wapi. Amour ni mtu wa vioo. Kutwa anashika kioo huku na huku kumwonyesha mteja kisogo chake, kwa hiyo mambo ya kugeuka hayamtishi. Alikitazama kile kioo cha skrini, akarudi kwake, akang'oa kioo chake kikubwa ukutani, akakilaza juu ya meza kati ya skrini na kibodi.

"Chungulia humo," alisema.

Bi Mwatima akainama kama anayechungulia kisima. Mle kiooni, maandishi yalikuwa wima, yanasomeka kutoka kushoto kwenda kulia kama ya watu wote. Akakaa chini, akapiga barua nzima akitazama mezani. Shingo iliuma, lakini barua ilitoka kwenye printa imenyooka.

Amour alimwazima kile kioo mpaka Timotheo amalize kufikiri, kwa sharti moja. Kwa kuwa ndicho kioo chake pekee, wateja wake wakishanyolewa watakuja kujitazama kwa Bi Mwatima. Yeye akakubali. Hakujua amekubali nini.

Kuanzia hapo kibanda chake hakikutulia. Anapiga mkataba wa nyumba, mara mtu mwenye shuka shingoni anaingia, anajipenyeza, anainamia meza. Uso wake unatokea kiooni juu ya maandishi. Mmoja alijitazama sana, akauliza kwa nini paji lake limeandikwa "mpangaji atahama bila fujo". Mwingine alitaka Bi Mwatima apandishe ukurasa kidogo, eti aya ya pili inamziba sikio. Na Amour, ambaye haamini kwamba mtu anaweza kusema bila kupaza sauti, alisimama mlangoni na wembe wake, wanashauriana na mteja juu ya kichwa cha Bi Mwatima.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Bwana Shaib, mwenye duka la vyombo, mtu nadhifu na wa haraka, anamwoza binti yake Rahila. Alitaka kadi za mwaliko, za kompyuta. Alipoona ile skrini iliyopinduka na kioo mezani, uso ulimbadilika.

"Bi Mwatima, kadi zangu zitatoka miguu juu?"

"Hazitoki hivyo. Printa ina akili zake."

"Nina wageni kutoka Pemba na Mombasa. Sitaki mtu asome mwaliko wangu amesimama kwa kichwa."

"Kaa hapo, Bwana Shaib, utaona mwenyewe. Nisomee."

Bwana Shaib akasoma polepole, Bi Mwatima akiwa ameinamia kisima chake, vidole vinakwenda. Wakafika kwenye siku ya harusi, wakafika kwenye mahali. Hapo mteja mmoja wa Amour akajipenyeza na kujitazama, na Amour akauliza kutoka mlangoni anaonaje. Yule mteja akasema kwa sauti nene, "Nyuma punguza, pembeni acha." Bwana Shaib akaendelea, "Kufika kwenu ndiyo furaha yetu."

Vidole vya Bi Mwatima havikubagua.

Kadi ya kwanza ilipotoka, Bwana Shaib aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku. Herufi zote zilikuwa zimesimama kwa miguu. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, na kwa furaha hiyo hakuona haja ya kusoma. Bi Mwatima naye macho yalikuwa yamechoka kwa kuinama. Kadi zikachapwa zote, zikakatwa, zikatiwa kwenye bahasha, zikagawanywa mjini na ng'ambo.

Siku ya harusi ilipokaribia, Amour alianza kushangaa. Watu walimiminika kwake, vijana kwa wazee, na wote walitaka kitu kimoja: nyuma kupunguzwa, pembeni kuachwa. Alidhani ni mtindo mpya kutoka Dar es Salaam. Alinyoa mpaka mkono ukamfa ganzi. Bi Mwatima, ambaye kila kichwa kilipita mbele ya macho yake, alisema moyoni kwamba wanaume wa mji huu mwaka huu wamekosa ubunifu.

Alikwenda harusini kama waalikwa wengine. Alipopita upande wa wanaume akaona safu nzima ya visogo vyeupe vilivyokwanguliwa, na juu ya kila sikio kichaka cha nywele. Hata bwana harusi. Hata Timotheo, aliyealikwa kwa sababu alitengeneza redio ya Bwana Shaib, alikuwa amekaa kwa adabu, masikio yamezama. Upande wa wanawake palikuwa na mjadala. Baadhi walikuwa wamefupisha magauni kwa nyuma, wengine walikataa katakata, na shangazi mmoja wa Mombasa alikuwa akieleza kwamba ni desturi ya zamani ya watu wa Tanga, yeye aliisikia kwa bibi yake.

Bi Mwatima akaomba kadi ya jirani yake, akaisoma. Akaisoma tena. Akajifunika uso nayo kama anayejipepea.

Alimkuta Bwana Shaib karibu na masufuria ya pilau. Hakuwa na ujasiri wa kuzungusha maneno.

"Bwana Shaib, ile kadi ina maneno ambayo wewe hukunisomea."

"Nimeyaona leo asubuhi," alisema Bwana Shaib. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kukasirika peke yake akamaliza. Kisha akageuka kidogo, na Bi Mwatima akaona kisogo chake. "Nilinyolewa juzi. Niliwaona wageni wote wako hivyo, nikaona aibu kubaki mimi tu."

Mzee mmoja wa Pemba akapita, akamshika mkono Bwana Shaib, akamsifu kwamba hajaona harusi yenye mpangilio kama hii, waalikwa wote sare moja. Bwana Shaib akapokea sifa. Kisha akamwambia Bi Mwatima achukue sahani ale, wasiongee tena habari hiyo.

Timotheo aliposikia chanzo cha kichwa chake, hakungoja kuitwa. Alikuja kesho yake asubuhi na chuma chake cha kulehemu. Alisema kufikiri kwake kulikuwa kumefika mwisho: waya mbili za ile koili alikuwa amezibadilishana, ya juu kaiweka chini na ya chini juu. Akazigeuza. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Wakawasha, na maandishi yakasimama wima ndani ya skrini yenyewe, bila msaada wa mtu.

Amour akachukua kioo chake. Alikuwa amepata kazi nyingi kiasi kwamba alinunua na cha pili, akatundika vyote viwili, na alimnyoa Timotheo upya bure, pembeni na kote.

Bi Mwatima alipata taabu kwa siku kadhaa. Kila akianza kupiga taipu aliinamia meza, akaona mbao tupu, akakumbuka kunyanyua macho. Halafu shingo ikazoea. Kadi za harusi zikaanza kuja kwa wingi, maana kila aliyekwenda kwa Bwana Shaib aliuliza zile kadi zilichapwa wapi. Bi Mwatima alizipokea zote. Mteja anapoanza kusoma maneno yake, yeye huinuka kwanza, hufunga mlango na komeo lake, hukaa, na kumwambia asome taratibu, asiseme neno lingine lolote, wala asikohoe.