Mpiganaji Anayetibu, Wepesi Nane

Binti yangu wa pili ana jina la mama yangu, ndiyo desturi yetu, kwa hiyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni mimi humwita mami. Mama mwenyewe alifariki kabla msichana hajazaliwa. Msichana amekua akiambiwa unatembea kama cucu yako, umenuna kama cucu yako, na nyanya yake huyo hajawahi kumwona.

Sasa yuko chuo kikuu pale Juja, na tangu aende huko mazungumzo yetu yamebaki ya simu. "Sasa mum." "Poa." "Sawa." Mimi ni mtu wa maneno mengi, na hiyo sawa yake ilikuwa inanichoma. Niliposikia kwamba kila Jumapili baada ya kanisa anaketi mezani kwa ndugu yangu mdogo, kule mtaa wa Membley, anaendesha mchezo wa hadithi na kuongea mchana kutwa bila kupumua, nikasema na mimi nitacheza. Nilitoka Thika na chapati kwenye hotpoti ili mtu asithubutu kunifukuza.

Mchezo ni hivi. Kila mmoja anaunda mtu wake. Binti yangu anasimulia dunia nzima na kuwasemea maadui, na dadu zinaamua nani apige na nani apigwe. Hadithi ameitunga mwenyewe, mito yake, vijiji vyake, hata mizaha yake. Lakini ana sheria moja ngumu: ukifa, umekufa. Unakaa nje mpaka hadithi iishe, na hii ilikuwa hadithi ya miezi. "Na sitakupendelea, mum," aliniambia mbele ya watu wote. Nikaelewa. Nikifa siku ya kwanza, nimerudi kwa sawa.

Ndugu yangu alikuwa mwizi mwenye visu. Rafiki ya binti yangu, msichana mpole aliyekuwa ametoka kuimba kwaya saa hiyo hiyo, alichagua kuwa mchawi, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nikasema nataka mtu anayepigana na kutibu.

"Siz, chagua moja," ndugu yangu akasema. "Fighter ama healer. Ukishika zote mbili hutajua yoyote."

"Haki auntie, hao huwa wanakufa mapema," mchawi akaongeza, kwa upole wake.

Hawakujua kwamba mtu wangu nilikuwa naye tayari, na sikuwaambia, kwa sababu wangecheka na ningekasirika. Nilikuwa nikimfikiria mama. Jioni moja, nikiwa mdogo, alimfumania mtu akiiba kahawa yetu shambani. Alimtandika na mpini wa jembe mpaka mkono ukateguka. Kisha akamkalisha chini, akaupapasa ule mkono, akaurudisha mahali pake, akamfunga na leso na kumpa uji. Yule mtu alikunywa uji akilia. Sasa niambie mimi, huyo ni wa kupigana ama wa kutibu?

Alama za kugawia sifa sita za mtu wako hazikuwa nyingi. Ukiongeza hapa unapunguza pale, na hakuna sifa inayozidi kumi na tano wala kushuka chini ya nane. Hekima ndiyo inayotibu, kwa hiyo niliipa kumi na tano bila kufikiri; majirani walikuwa wakileta watoto walioungua kwa mama kabla ya kuwapeleka popote. Uvumilivu, unaokupa uhai wa kupigwa bila kuanguka, nao kumi na tano, maana alichuma kahawa na homa na hatukujua mpaka alipopona. Nguvu kumi na nne, kwa mizigo ya kuni aliyobeba mgongoni. Akili kumi, ya kumtosha. Kila kitu kilichosemwa na redio alikiita uongo.

Zikabaki Wepesi na Mvuto, na alama zimeisha. Zote mbili zikapata nane.

Meza ilicheka. Mvuto nane, sawa, hakuwahi kumbembeleza mtu, hata mchungaji alimsalimu akiendelea kupepeta maharagwe. Lakini Wepesi nane! Ndugu yangu alishika kichwa. "Utakuwa wa mwisho kila raundi. Toa kwa Uvumilivu, weka hata kumi na mbili, uongeze speed."

"Siongezi kitu."

Binti yangu akanigeukia. "Mum, uko sure?"

"Mami, mimi niko sure."

Mama alikuwa akifika kanisani mwisho, kanisa zima likigeuka, na hakuwahi kuharakisha hatua hata moja. Nisingempa mbio ambazo hakuwa nazo.

Basi tukafika kwenye daraja, na chini ya daraja likatoka zimwi. Mambo yalikwenda vile walivyosema. Zimwi lilimwangusha mchawi, hajafa bado, ila akiachwa chini anakufa. Ndugu yangu akarusha visu vyake, akakosa, naye akaangushwa. Mimi wa mwisho nilikuwa bado nangoja zamu yangu.

"Piga!" ndugu yangu alipiga kelele kutoka sakafu ya kufikirika. "Likipona tumekwisha!"

Lakini kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, niliona yote yaliyotokea kabla sijagusa chochote. Zamu yangu ilipofika nikamtibu mchawi, akainuka. Zimwi likanigeukia mimi. Binti yangu alirusha dadu pale wazi mezani, wala hakuficha mkono, na ile namba ilikuwa mbaya. Alihesabu mara mbili. Kisha alisema namba vile ilivyo, na nilimwonea fahari kuliko siku aliyopata barua ya chuo.

Nilibaki na uhai mmoja, wa mwisho kabla ya kuanguka. Ningewasikiliza nikapunguza Uvumilivu, ningekuwa chini.

"Mmoja!" ndugu yangu alisema. "Umesimama na mmoja!"

Mchawi, kwa kuwa alikuwa hai, akatupa moto wake. Kisha zamu yangu, ya mwisho kama kawaida. Nikapiga na rungu, na dadu ikakubali. Zimwi likaanguka mtoni, nami nikamwinamia ndugu yangu na kumfunga majeraha. Nilijivuna. Niliuma chapati kana kwamba nimeua kitu cha kweli.

Binti yangu akabadilisha sauti, akawa mzee wa kike wa kijiji cha ng'ambo. "Tumekuona ukipiga, tukakuona ukitibu. Wewe ni nani?"

Sikuwa nimempa mtu wangu jina. Nikataja la mama yangu, lote, na la ubatizo.

Ndugu yangu aliacha kutafuna. "Ndio maana Mvuto ni nane!" akasema, akacheka mpaka akafuta macho, kwa kuwa ni mama yake pia.

Binti yangu hakucheka. Alichukua karatasi yangu, akazisoma zile sifa moja moja, Nguvu, Uvumilivu, Hekima, akarudi kwenye Wepesi, akatabasamu. Aliniuliza kama kweli cucu aliwahi kumpiga mtu. Nikamsimulia mwizi wa kahawa, na mkono, na uji, na hakuna aliyegusa dadu mpaka nilipomaliza.

Ndipo akaketi wima, akarudia ile sauti ya mzee wa kijiji. "Karibu kwetu," akaniambia, na akaniita kwa jina lake mwenyewe, lile la cucu.