Divai ya Mlimani na Ulimi wa Mume Wangu

Mume wangu aliitaka karte kwa sababu ya mgongo wake. Naanza na hilo ili msije mkamcheka mapema, maana nafasi ya kucheka itakuwepo ya kutosha.

Alikuwa karani wa serikali hapa Kasongo, enzi za Wabelgiji, na mwandiko wake ulisifiwa. Asubuhi moja alichelewa kushuka kwenye baiskeli wakati gari la bwana mkubwa wa teritwari, yaani wilaya yetu, likipita. Kosa lenyewe ni hilo tu. Alilazwa chini mbele ya bendera, mbele ya matarishi aliokuwa akiwatuma kila siku, akachapwa fimbo. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, na hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuyachemsha yale maji bila kuni. Basi ilipokuja habari ya karte, kwamba mweusi atakayeonekana ameendelea atapewa kadi, na mwenye kadi hachapwi, mume wangu hakusikia tena neno lingine lolote.

Kuendelea, kumbe, kulikuwa na masharti. Mtu aliyeendelea hulala juu ya shuka. Hula mezani pamoja na mkewe, na kwa uma. Tukajifunza kula ugali kwa uma. Wewe jaribu, halafu uje uniambie nani ameendelea. Tukatundika ukutani picha ya mfalme wao, tukafundishana kukohoa ndani ya leso. Jirani mmoja akatushauri tumrudishe mama mkwe wangu Kabambare mpaka wakaguzi wa karte wapite, maana bibi anayekula chini kwenye mkeka angeshusha daraja la nyumba. Mama mkwe alisema yeye hatoki, na kama maendeleo ya mwanawe yanaharibiwa na mkeka mmoja, basi hayajafika mbali.

Lililotushinda lilikuwa divai. Mtu aliyeendelea, tuliambiwa, anajua kunywa divai kistaarabu. Lakini sheria ilimkataza mweusi asiye na karte kununua divai hata ya kulowesha ulimi. Kwa hiyo hupati karte mpaka uonekane ukinywa divai, na hunywi divai mpaka uwe na karte. Wazungu wote wa pale ofisini walikuwa wamesoma, na hakuna hata mmoja aliyeona kichekesho hapo. Bwana mkubwa alilimaliza jambo hilo kwa ukarimu: siku ya ukaguzi angekuja na chupa yake mwenyewe.

Sasa lazima niseme mume wangu alikuwa nani kwao. Baba yake alikuwa mgema wa malofu, tembo la mchikichi, kule Kabambare, na mwana alirithi ulimi. Kwetu, anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote, ijulikane hakina sumu. Halafu kikombe kinapewa mtu ambaye ulimi wake unaaminika, naye anasema kweli: hii imekomaa, hii imechacha, hii ni ya jana imechanganywa na ya leo. Akisema imechacha hakuna anayenuna. Mgema anakwenda kuleta nyingine. Katika mahari za ukoo wetu wote, aliyengojewa kusema alikuwa mume wangu. Alikuwa kijana bado, na wazee wenye mvi walinyamaza mpaka ameze. Mimi mwenyewe, nikiri tu, nilimpenda siku nilipomwona akiirudisha malofu ya watu wakubwa bila kupepesa macho.

Wakaja watatu: bwana mkubwa, padri, na bwana wa kampuni ya pamba. Wakakagua shuka, wakafunua sufuria zangu, wakachungulia choo kwa muda mrefu kuliko heshima inavyotaka. Kisha wakaketi, na bwana mkubwa akaisimamisha chupa mezani kama anayetuonyesha mtoto wake wa kwanza.

"Hii hapana divai ya kila mutu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrishia. "Hii inatoka mulimani, juu sana, kule baridi. Zabibu namna tatu. Banachanganya muzuri, muzuri."

Mama mkwe, aliyekaa kwenye mlango wa jiko, aliniuliza kwa Kibangubangu kama amesikia sawa. Wanachanganya, na anatuambia yeye mwenyewe? Nikamjibu ndiyo. Akasema kwao mgema wa namna hiyo angehama kijiji.

Bwana mkubwa alizibua chupa, akaniamuru nimimine. Harufu ilinifikia kabla ya divai kugusa bilauri. Hiyo chupa ilikuwa imepanda meli, ikapanda treni, ikapanda lori, kisha ikalala sijui miezi mingapi chini ya mabati ya ghala la Kasongo, na huko kote ilipopita hakuna aliyeikumbusha kwamba ni ya mlimani. Ilikuwa siki. Mtu yeyote aliyekulia penye malofu angeijua akiwa nje ya ua.

Nikajaza bilauri ya kwanza, nikaiweka mbele ya aliyeleta, nikasimama na chupa mkononi kungoja. Sikumimina nyingine. Alinitazama, akamtazama mume wangu, na mume wangu akamweleza kwa upole desturi yetu ya kuonja. Bwana mkubwa akacheka sana, akasema hata kwao anayefungua chupa ndiye anayeonja. Akanywa funda kubwa.

Niliona koo lake likikataa. Macho yalimtoka machozi kidogo, shingo ikawa nyekundu kuliko divai. Lakini alikwisha kutusifia mlima, baridi na zabibu zake tatu, na mkubwa hawezi kushindwa na chupa mbele ya weusi. Akameza. "Muzuri sana," akasema.

Padri akanywa, akafumba macho kama anayeombea marehemu, akatikisa kichwa kukubali. Bwana wa pamba akasema hii imeishinda hata ile ya Pasaka. Nilibana midomo mpaka ikauma. Kisha wote watatu wakamgeukia mume wangu.

Akaishika bilauri kwa kikonyo chake, kama tulivyofanya mazoezi kwa glasi ya kuazima. Akanywa. Nilimjua, nilijua neno lililokuwa likimjia mdomoni, neno alilolisema mbele za wakwe na machifu. Akatazama ukutani, kwenye picha ya mfalme, akasema ile sentensi ya Kifaransa ya kusifu divai tuliyoikariri wiki nzima.

"Kweli?" aliuliza bwana mkubwa.

"Kweli, bwana. Sijapata kunywa kitu kizuri namna hii."

Kwa kumpongeza walimjazia bilauri ya pili. Akaimaliza yote. Mama mkwe aliinuka mlangoni, akaingia jikoni. Chupa walituachia, zawadi. Niliioshea samaki wa Nyangwe, na kwa kazi hiyo naisifu bila kulazimishwa: shombo lote lilitoka.

Karte ilitolewa. Mume wangu aliivaa kwenye mfuko wa shati, na tangu hapo hakuna aliyemgusa mgongo. Nilifurahi, na atakayesema nilipaswa kuona aibu aje kwanza nimwonyeshe yale makovu.

Msimu wa kiangazi tulikwenda Wamaza kwenye mahari ya binti wa kaka yake. Malofu ikaletwa, mleta akaonja, na kikombe kikapelekwa kwa mume wangu kama zamani. Alikunywa taratibu, akafikiri.

"Iko muzuri," akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wazee walikuwa wanatazama mfuko wa shati. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake, ndiye aliyeuliza.

"Muzuri ya kweli, mwanangu, ao muzuri ya karte?"

Watu wakacheka, hata bibi harusi. Mume wangu alisubiri kicheko kiishe.

"Mama," alisema, "siku ile ulimi haikusema. Mugongo ndiyo ilisema."

Mama mkwe, macho yamemjaa machozi, akachukua kikombe mkononi mwa mwanawe, akaonja mwenyewe.

"Iko muzuri," akasema. Ndipo wengine wakakubali kunywa.