Siku Walipomwosha Babu

Juzi, pale Tengeru, nilipita kando ya shamba la nyanya nikamwona kijana akipulizia dawa kifua wazi, bomba mgongoni. Ile harufu, kama kitunguu saumu kilichooza, ikanirudisha kwa babu.

Siku moja, nikiwa bado mtoto mdogo, bomba lake lilimvujia mchana kutwa. Alirudi nyumbani akichuruzika mate, shati limelowa dawa mgongo mzima, na shangazi akatupakia kwenye pikapu ya jirani hadi hospitali. Huko wauguzi wawili walimvua nguo zote wakaanza kumwosha kwa sabuni. Nikapiga yowe. Mtu mzima pekee niliyewahi kumwona akioshwa na wenzake alikuwa bibi, na bibi tulimzika.

Babu akafumbua macho.

"Nyamaza, mama," akaniambia. "Wananitoa dawa tu."

Nikatulia. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikala ndizi mbivu huku harufu ya ile sumu ikiwa bado vidoleni mwangu. Leo najua kwamba sindano za kukata sumu zilikuwa zimeanza kumsaidia, ndipo moyo wake ukapata mshtuko. Siku ile nilisikia tu watu wakikimbia, kitanda kikigonga ukuta, halafu kimya.

Jioni nilichungulia mlangoni nikaona wanamwosha tena. Shangazi alitoka akilia, amejiziba mdomo kwa kanga. Nikamvuta gauni.

"Usilie, shangazi," nikamwambia. "Wanamtoa dawa tu."